Mapenzi Yazaliwayo na Malezi

Watu wawili wakishirikiana kulea mtoto mchanga, kisha wakapendana, je, hayo ni mapenzi halisi, au ni haja iliyovaa nguo za mapenzi? Swali hili laonekana dogo, walakini maisha ya watu watatu hulitegemea jibu lake.

Tuseme huko Michenga, Ifakara, katika bonde la Mto Kilombero, mtoto amefiwa na wazazi wote wawili. Waliobaki kumlea ni mdogo wake mama na mdogo wake baba, nao hawajaolewa wala kuoa. Masika yameingia, mbuga zimejaa maji na mbu ni wengi. Mmoja akishinda shambani kuamia ndege wasile mpunga, mwenziwe yu nyumbani akichemsha maji ya kukorogea maziwa. Usiku mmoja huchomeka chandarua, mwingine huamka kumpima mtoto homa kwa kiganja.

Kazi hizi si ndogo. Mwaka 1997 ulianza mradi wa kueneza vyandarua vyenye dawa Kilombero na Ulanga, na utafiti uliofuata ulionyesha kuwa matumizi yake yalikwenda pamoja na ongezeko la asilimia 27 katika kunusurika kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4. Lakini chandarua hakijichomeki. Kila jioni chahitaji mkono, na mkono huo husema tabia ya mwenyewe.

Hapa ndipo malezi yashindapo uchumba. Mchumba huonekana amekwisha oga na kuvaa; mlezi huonekana usiku wa manane, amechoka, mtoto analia. Apendwaye baada ya kuonekana hivyo amependwa kwa kujulikana. Basi mapenzi yazaliwayo na malezi si duni kwa asili yake.

Hatari yake iko penginepo. Wazee huwaambia wawili hao, “Oaneni, kwa ajili ya mtoto.” Shauri hili latoka katika huruma, lakini lamgeuza mtoto kuwa kamba ya kufungia watu. Sheria ya Ndoa ya 1971 yaitambua ndoa kuwa muungano wa hiari. Na hiari iliyotolewa kwa kuogopa kilio cha yatima ni hiari nusu. Ni kweli kwamba mkono mmoja haulei mwana. Walakini methali haikusema kuwa mikono miwili lazima itiwe pingu za maisha.

Kila mmoja na ajiulize kwa siri: kama mtoto huyu angalilelewa na bibi yake, ningalimtaka mwenzangu? Akijibu la, waendelee kulea kama ndugu, wala hapana aibu. Akijibu ndiyo, na mwenziwe vivyo hivyo, waoane. Mtoto atakua, ataondoka mikononi mwao. Asichukue mgongoni deni la ndoa ambayo hakuiomba.