Mti Uliohama na Kijiji Kilichozama

Swali langu ni hili: mtu aliyefukuzwa kwake, akipanda mti mahali alipokimbilia, je, amewasaliti aliowaacha nyuma? Wengine mtacheka. Mtasema mti ni mti tu, unatoa kivuli na matunda, usaliti umetoka wapi tena? Hata mimi nilikuwa nawaza hivyo, mpaka siku mzee mmoja wa zoni yetu aliponirudishia mche mkononi.

Ilikuwa hivi. Kikundi chetu cha vijana tulipata miche sitini ya miembe. Mimi nikapewa kazi ya kuzunguka nyumba kwa nyumba kuuliza nani anataka. Mzee alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, tukasalimiana habari za nyumbani zote. Nilipomwonyesha mche akautazama, akauliza, "Mwanangu, huu utazaa kisha miaka ngapi?" Nikasema mitano, labda sita. Akatikisa kichwa. "Ni kusema miaka sita ingine miye ningali hapa? Rudisha huo muti. Miye nilikuja kulala, sikukuja kuhamia."

Mzee huyo alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Fizi mwaka 1998. Mimi wakati huo sikuwa nimezaliwa. Nimezaliwa hapa, nimesoma hapa mpaka nikamaliza sekondari, na Fizi naijua kwa masimulizi. Kwa hiyo sikuthubutu kubishana naye sana. Nilijaribu mara moja tu, nikamwambia waliosema wamesema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Akanijibu hapo hapo: "Jembe ni la kulima mahindi. Mahindi unavuna, unaondoka. Mwembe hauondoki."

Nikarudi na mche wangu. Na lile neno likanikaa.

Miezi michache baadaye, mfanyakazi mmoja wa shirika, dada kutoka Japani, alikuja kwenye kituo chetu cha vijana kutuaga. Mkataba wake umeisha. Tukamwomba atuonyeshe kwao. Akatoa simu, tukajibana kumi na watu kuangalia picha za safari aliyoifanya likizo, katika mkoa wa milimani unaoitwa Gifu. Picha za kwanza zilikuwa za kijiji cha Shirakawa-go. Nyumba kubwa za mbao, paa za nyasi zimesimama wima kama viganja viwili vya mtu anayesali, maana huko theluji ni nyingi na paa la kulala lingevunjika. Kijiji kile kiliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1995. Tulifurahi kusikia kwamba paa likichakaa majirani hukusanyika wengi sana kuezeka nyumba ya mmoja, na kesho wanahamia kwa mwingine. Vijana wakapiga kelele, "Hiyo ni salongo!" Na kweli, ni salongo.

Lakini picha iliyoninyamazisha mimi ilikuwa ya mahali pengine, mwendo mfupi wa gari kutoka hapo, kwenye barabara ya taifa namba 156. Ziwa kubwa, tulivu. Kando ya ziwa miti miwili mizee sana ya sakura, ule mti wao wa maua meupe yenye wekundu kidogo. Matawi yamewekewa nguzo chini, kama wazee wenye mikongojo. Dada akatuambia, "Hili siyo ziwa la Mungu. Chini yake kuna vijiji."

Nitawasimulia kwa kifupi. Baada ya vita kuu ya pili Japani ilikuwa na njaa ya umeme. Serikali ikaunda kampuni ya kuzalisha umeme mwaka 1952, na kampuni ikachagua bonde la mto Sho, eneo la Shokawa, kujenga bwawa la Miboro. Bwawa la mawe na udongo, urefu mita 131. Maji yakijaa, nyumba, mashamba, mahekalu na makaburi vyote vinazama. Wanakijiji walikataa. Waliunda umoja wao wa kupinga, na jina lake lilikuwa na maana ya kulinda mpaka kufa. Walipinga kwa miaka kama saba. Mwishoni mwa 1959 wakachoka, wakakubali, wakavunja umoja wao kwa sherehe ya kuagana.

Kwenye sherehe hiyo walimwalika hata Takasaki Tatsunosuke, aliyekuwa rais wa kwanza wa ile kampuni. Huyu mzee alizunguka kijiji ambacho kinakwenda kufa, akafika kwenye ua wa hekalu, akaukuta mti wa sakura wenye zaidi ya miaka 400. Akasema huu usizame. Akamtafuta mtaalamu wa sakura, Sasabe Shintaro. Baadaye ukapatikana na mti wa pili kwenye hekalu lingine, ikaamuliwa ihame yote miwili. Sasa, Wajapani wana msemo kwamba mpumbavu hukata sakura, kwa sababu sakura ikikatwa kidonda chake huoza upesi. Na hii miti, ili isafirishwe, ilibidi ikatwe karibu matawi yote na mizizi mingi. Mwishoni mwa 1960 iliburutwa kwa mashine kupandishwa mlimani, juu ya mahali ambapo maji yangefika. Watu wengi walisema ni kuihangaisha maiti. Majira ya joto yalipokaribia mwaka 1961, machipukizi yakatoka. Mpaka leo inachanua, na watu waliozaliwa katika vijiji vile wamekuwa wakirudi wakati wa maua kukutana chini yake.

Niliposikia hivyo nilijiambia, basi, nimempata mzee. Nikamwendea kesho yake jioni na hadithi yote. Nilisimulia kwa mbwembwe. Mti wa miaka mia nne, umekatwa mikono na miguu, umehamishwa, umechanua! Sembuse sisi?

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza maswali mawili tu. La kwanza: "Wale watu, nyumba zao ziko wapi?" Nikasema chini ya maji. "Sasa wao walijua hakuna kurudia. Yangu haiko chini ya maji. Iko pale, juu ya kilima, na mutu analala ndani." La pili: "Na huo muti, nani aliuhamisha?" Nikasema, mkubwa wa ile kampuni. Mzee akacheka kidogo. "Ni yeye alileta maji, na ni yeye aliokoa muti."

Nilikosa jibu. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na hasira, kwanza kwake, halafu kwangu mwenyewe. Tangu siku hiyo nimefikiri sana, na sasa nataka kuwaambia nilipofika.

Kwanza, mzee ana haki kwenye lile swali la pili. Maua si ushahidi wa haki. Mti kuchanua hakumaanishi kwamba kuwahamisha watu kulikuwa sawa. Mti haukuulizwa, watu waliulizwa wakasema hapana kwa miaka saba. Mgeni akifika leo pale kando ya ziwa, akapiga picha ya maua na ya maji yanayong'aa, akasema "pazuri sana" akaondoka, amedanganywa na uzuri. Pale ni pazuri, sikatai. Lakini ni uzuri uliokaa juu ya kidonda. Simlaumu Takasaki kwa kuokoa mti. Mwenye nguvu ambaye hana hata huruma ya mti ni mbaya zaidi. Ila huruma yake hailipi deni. Ni kama mtu amekuchomea nyumba kisha akakutolea picha ya ukutani isiungue. Utaipokea picha, tena kwa machozi, maana ndiyo kitu pekee cha nyumbani ulichobaki nacho. Lakini usiambiwe mmelipana.

Pili, kuna kuhama na kuhama. Dada alituonyesha picha nyingine, ya mji wa Takayama, kwenye makumbusho ya Hida no Sato ambako wamekusanya nyumba za kale za milimani. Mojawapo ilitolewa Shokawa kukimbia maji ya lile bwawa. Wameitunza vizuri mno. Hata moto wanawasha mekoni, kwa sababu moshi ndio unaokausha nyasi za paa na kuzuia wadudu. Nilimuuliza dada, "Wanapika nini?" Akasema hapikwi kitu. Moto unawaka kwa ajili ya paa.

Hapo ndipo nilipouona utofauti. Nyumba ilihama ikawa ya kutazamwa. Mti ulihama ukabaki mti: unakunywa maji ya huko, unaota majani mapya, unazeeka. Na mimi naogopa kwamba sisi tunaweza kuwa kama ile nyumba. Naogopa kambi ya watu waliotunzwa vizuri, wanaohesabiwa, wanaopigwa picha, moto unawaka, lakini hapapikwi kitu. Mtu anayesema "mimi nalala tu, sihamii" kwa zaidi ya miaka ishirini, naye anajihifadhi kama nyumba ya makumbusho. Nasema hivi kwa heshima, mzee wangu akisoma asinikasirikie. Kumbukumbu yake ya Fizi ndiyo inayotufanya sisi vijana tujue tuna kwetu. Lakini kumbukumbu isiyoota tawi jipya, nani atakaa chini yake?

Tatu, kuna mtu mwingine katika hadithi hii ambaye ndiye nampenda kuliko wote, na hakuwa tajiri wala mkubwa. Satō Ryōji alikuwa konda wa basi. Basi lake lilipita barabara ile ya milimani, kutoka Nagoya mpaka Kanazawa, pwani hadi pwani. Aliona ile miti ikihamishwa, akaona ilivyochanua na watu waliohama wakikusanyika kwayo. Akaamua kupanda sakura njia nzima ya basi. Kwa mikono yake, siku zake za mapumziko. Alifikisha kama miti 2,000, akafa kwa ugonjwa mwaka 1977 akiwa na miaka 47. Mingi hakuiona ikiwa mikubwa.

Konda hakuzamisha kijiji cha mtu, kwa hiyo hakuwa analipa deni. Na hakupanda ili yeye akae chini ya kivuli, maana konda kila siku anapita tu. Hapo ndipo nadhani jibu la mzee linapungukiwa. Yeye anadhani anayepanda mti ni lazima awe anakaa. Konda anatuonyesha kwamba hata anayepita anapanda, kwa sababu barabara ina watu wengine nyuma yake. Mimi nikiondoka hapa kesho, iwe kurudi Kongo au kwenda nchi ya tatu, au hata kambi ikifungwa, embe zitaliwa na mtoto fulani. Akiwa mtoto wa mkimbizi sawa. Akiwa mtoto wa Kigoma, sawa pia. Walitupokea, na hatujawalipa kitu.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hapana. Kupanda mti si usaliti, wala si sahihi kwenye karatasi kwamba nimeacha haki yangu ya kurudi. Lakini naongeza sharti moja: mti uwe wa anayepanda. Asije mtu kutupandia, akasimama kando ya mche na fulana mpya, akaenda kuonyesha kwamba hawa wameshazoea, wameota mizizi, hawana shida tena ya kwao. Kuota mizizi na kusahau ni vitu viwili. Mbona miti ya Shokawa ina mizizi mlimani, na bado inaitwa kwa jina la kijiji chake?

Na kwenu ndugu zetu wa mashirika mnaosoma jarida hili: nanyi ni kama wageni wanaofika pale ziwani. Mnaona maua yetu, yaani kwaya, ngoma, mashairi, bustani. Furahini nayo, ni ya kweli. Lakini kabla hamjapiga picha, ulizeni kama yule dada alivyotufundisha kuuliza: chini ya haya maji kuna nini?

Namalizia na mzee. Mvua za kwanza zilipoanza, nilikwenda kupanda ule mche wake nyuma ya kituo cha vijana, karibu na kwake. Sikumwambia. Nilikuwa nimeshachimba nusu nikasikia kikohozi. Amesimama kwa mkongojo wake, anatazama. Nikajua nitasemwa.

"Si hapo," akasema. "Hapo maji itasimama, muti itaoza. Chimba pale juu."

Nikahamia pale juu. Hakushika jembe, na sikumwomba ashike. Alisubiri mpaka nilipomaliza kumwagilia, ndipo akaondoka zake.