Mkia na Pua

Je, mtu aweza kukiangamiza kitu kwa kukipenda? Swali hili, msomaji, huenda likakuelea kama kitendawili, lakini liliwahi kujibiwa katika mashamba ya Bourbonnais, jimbo la kale katikati ya Ufaransa, na jibu lenyewe lilikuwa nusura limwondoe mbwa mzima duniani.

Mbwa huyo huitwa Braque du Bourbonnais. Ni mbwa wa kuwindia ndege, naye alikwisha kujulikana tangu karne ya 16. Kazi yake ya kwanza si kukamata. Hutembea mbele ya bwana wake akiukabili upepo, na harufu ya kwale imfikiapo puani husimama ghafula, mwili umekakamaa, pengine mguu mmoja umeinuliwa, pua imeelekea pale ndege alipojificha. Hapo hungoja. Haruki wala habweki mpaka mwindaji afike na bunduki yake. Fikiri ni uwezo gani huo: kukitambua kisichoonekana, kisha kujizuia kukishika!

Lakini alikuwa na alama nyingine pia. Wengi walizaliwa bila mkia, au na kigutu tu, na manyoya yao meupe yalitapakaa vidoa vidogo vya rangi ya mashapo ya mvinyo au ya ua la mpichi. Mwaka 1925 wapenzi wake waliunda chama. Baadaye wafugaji wakazidi kuchagua mbwa wa kuzalisha kwa rangi na kwa ufupi wa mkia. Sababu yake si ngumu kuielewa. Mkia hupimwa kwa jicho, uani, kwa dakika moja. Pua haipimwi ila kwa kufuatana na mbwa kondeni majira mazima ya uwindaji. Nami kwa kazi yangu husahihisha madaftari, na najua jinsi mwandiko mzuri unavyoomba alama kabla jibu halijasomwa.

Wafugaji wale hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja aliamini kwamba analinda usafi wa nasaba. Hata hivyo sifa za kazi zilififia, mbwa wakapungua, na tangu 1963 hadi 1973 hakuandikishwa hata mmoja katika daftari la nasaba la Ufaransa.

Mnamo 1970 mfugaji Michel Comte aliazimia kumrudisha. Alitafuta mbwa wa nasaba safi asimpate. Alipata machotara tu waliobeba dalili zake. Alianza na hao, akazalisha kizazi baada ya kizazi mpaka mbwa wakaandikishwa tena, na mwaka 1981 akaunda chama kipya.

Basi, huyu ndiye yule? Mwenye kuiamini damu atasema siye, kwa maana mnyororo ulikatika. Mimi nasema ndiye, ikiwa asimama mbele ya kwale kama walivyosimama wazee wake. Lakini haki isemwe: Comte naye aliwatambua machotara wale kwa macho, maana hakuwa na daftari la kumwongoza. Alama ya nje ilimfaa, maadamu hakuishia hapo. Siku hizi wapo wanaozaliwa bila mkia, wapo wa mkia mfupi, wapo hata wa mkia mrefu, na wote hupelekwa kondeni.