Kutoa ni Moyo, Mfuko ni wa Nani?

Ndugu msomaji, sote tumelelewa na msemo kwamba kutoa ni moyo, si utajiri. Umeandikwa kwenye kanga za mama zetu, husemwa kwenye michango ya harusi na ya misiba, na kapu la sadaka linapopita hakosekani mzee wa kutukumbusha. Nami sina ugomvi nao. Ila kuna swali moja ambalo msemo huu hauulizi, na mimi niliulizwa mbele ya watu thelathini, nikiwa nimesimama na mikono haina pa kukaa. Moyo ni wako, sawa. Mfuko je?

Nimemaliza kidato cha nne, nafanya kazi kwenye kibanda cha steshenari huku Mbagala, kuchapa barua za watu na kutoa fotokopi, na usiku naandika riwaya ambayo haitaki kuisha. Kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, kwaya ya vijana ya mtaani kwetu (sisi ni Walutheri) ilinichagua kuwa mtunza hazina. Kwaya haikuwa na akaunti ya benki. Michango yote ilikaa kwenye simu yangu, katika laini ya pili niliyoisajili kwa kazi hiyo. Tulikuwa tunatafuta kinanda, na tulishafikisha 340,000/=, nyingi zikiwa za mnada.

Kwa asiyeujua mnada wetu, muumini asiye na fedha taslimu huleta alichonacho: trei la mayai, mkungu wa ndizi, jogoo. Ibada ikiisha vitu hivyo hunadiwa nje, mbele ya mlango wa kanisa, na mnadi hupandisha bei kwa utani mpaka mayai matatu yanauzwa bei ya kuku. Napenda mnada kuliko mahubiri, Mungu anisamehe. Pale aliyeleta jogoo katoa, aliyemnunua kwa bei ya kijinga naye katoa, na mara nyingi jogoo mwenyewe hurudishwa anadiwe tena. Na yote hufanyika mchana kweupe, kila mtu anaona kilichotoka na kilichoingia. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Sasa, kuna mama anauza chapati jirani na kibanda chetu. Usiku mmoja, saa nne imeshapita, akanigongea. Mwanawe wa miaka minne kashikwa na degedege, kalazwa, kuna vipimo na dawa za kununua, na yeye mkononi hana hata nauli ya kurudi wodini. Alikuwa amevaa ndala za rangi mbili, mguu huu nyekundu, mguu huu bluu. Sikufikiri sana. Nilichukua simu, nikamtumia 80,000/= kutoka laini ya kwaya. Yule mama alipiga magoti palepale kwenye koridoo, wapangaji wenzangu wakachungulia, akaniombea baraka kwa sauti mpaka mtoto wa chumba cha tatu akaamka. Nikasema, mama inuka, si kitu. Jamani, usiku ule nililala usingizi wa malaika.

Katika daftari sikuandika chochote. Nilijiambia nitarudisha mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukafika, mwenye nyumba naye akafika, wa pili ukafika. Siku ya mazoezi, Jumamosi jioni, mwenyekiti wetu akasema kuna mtu anauza kinanda, tuhesabu tulicho nacho. Nikasimama nikaeleza kila kitu. Nilieleza vizuri, maana kueleza ndiyo kazi ninayojifunza, na nilipofika kwenye zile ndala niliona dada wawili wa sauti ya kwanza wanafuta machozi. Nikajua nimeshapona.

Mwenyekiti hakufuta kitu. Ni dada mkubwa, fundi cherehani, hana maneno mengi. Akauliza, “Mdogo wangu, usiku ule wewe mwenyewe ulikuwa na shilingi ngapi?”

Nilikuwa na 22,000/=. Zilikuwa kwenye laini yangu ya kwanza, simu hiyohiyo. Nilikuwa nimeziweka za karatasi na wino, ili nichape muswada. Sikuzigusa. Na kibaya zaidi, ndugu msomaji, sikukumbuka kama zipo. Nilipotafuta cha kumpa yule mama, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye fedha za wengine, na baraka nikazipokea mimi.

Tangu siku hiyo nimelisumbukia jambo hili. Wenzangu wengi walinitetea, na rafiki yangu mmoja, mjuzi wa Agano la Kale, alinipa hoja ambayo hata leo naiona nzito. Daudi akiwa na njaa alikula mikate mitakatifu kule Nobu, ambayo kwa sheria ilikuwa ya makuhani peke yao, na Yesu mwenyewe alimtaja kwa kumtetea. Kwa hiyo uhai hutangulia utaratibu, na mtoto wa mama chapati hutangulia kinanda. Hapo sibishi. Nilikwenda kusoma. Daudi hakuvunja kabati, alimwomba kuhani Ahimeleki, na kuhani ndiye aliyetoa. Lakini Daudi alimdanganya kuhani, akasema yuko kwenye shughuli ya mfalme, kumbe anamkimbia mfalme. Ahimeleki akatoa bila kujua anatoa kwa nani na kwa hatari gani. Mbele kidogo, Sauli anapopata habari, makuhani 85 wanauawa kwa upanga wa Doegi. Kumbe mkate ulikuwa halali kabisa kwa mwenye njaa, na bado wapo waliolipa kwa kitu walichofichwa.

Aliyenitesa zaidi ni Zakayo. Tumefundishwa kumcheka kwa ufupi wake na ule mkuyu, lakini hebu angalia anavyogawa. Nusu ya mali yake anawapa maskini. Aliowadhulumu anawarudishia mara nne. Ni mafungu mawili. Angeweza kulichukua lile la kurudisha akaliita sadaka, na mji wa Yeriko ungempigia makofi. Mtoza ushuru, mtu aliyezoea kuchanganya, siku anayookoka kitu cha kwanza anachofanya ni kutenganisha. Na Paulo, alipokusanya mchango wa makanisa ya Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Katika Wakorintho wa pili, sura ya 8, anamtuma Tito pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili pasiwe na mtu wa kuwalaumu juu ya fedha ile. Paulo! Mtu ambaye angetuandikia barua moja tu tungemwamini na hazina ya taifa, anataka mashahidi kwenye kapu.

Utasema hayo ni mambo ya zamani. Novemba 2024, Rais William Ruto wa Kenya alihudhuria misa katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, akatoa shilingi milioni 2 za Kenya kwa nyumba ya mapadre, na laki 6 nyingine ambazo kwaya nayo ilikuwa na fungu lake. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akatangaza kwamba michango ile irudishwe, kanisa lisigeuzwe jukwaa la siasa. Sina ushahidi wa kusema fedha zile zilitoka mfuko gani, na si kazi yangu. Nilichojiuliza ni kuhusu ile kwaya. Nao bila shaka walikuwa na sare za kushona na vinanda vya kununua. Kurudisha kitu ambacho kimeshakutua mkononi, wakati una shida nacho, sijui kama mimi ningeweza. Mimi zangu zilinishinda zikiwa hazijatoka hata simuni.

Ninyi wenzangu mnaoandika hadithi mtanielewa. Mhusika anayeiba akanywe pombe ni rahisi kumwandika, Yuda anayechopoa kwenye mfuko wa mitume tunamjua hata kabla hajafungua mdomo. Mhusika mgumu ni yule anayechukua cha watu ili aonekane mwema, tena mtoto anapona kweli. Utamweka upande gani? Nimejaribu mara tatu kumtia kwenye riwaya na mara zote anatoka shujaa. Kalamu inampendelea, kama nilivyojipendelea mimi kwenye yale mazoezi.

Na msifikiri nasema mtunza hazina mwema ni yule anayelalia mfuko. Lile nalo ni balaa. Tumeona makanisa yenye fedha za kupaka rangi mnara kila mwaka, na mjane anaambiwa ombi lake litajadiliwa kikao kijacho. Yule mtumwa aliyefukia talanta ardhini hakupotea hata senti moja, hesabu zake zilikuwa safi, na alitupwa nje. Angekuja mkaguzi angempa cheti.

Lakini ngoja niseme kilichotokea jioni ile baada ya swali. Mwenyekiti alichukua daftari langu akaandika kwa mkono wake, kwa tarehe ya siku ile ya homa: msaada kwa mgonjwa, 80,000/=. Akasema kinanda kitasubiri. Halafu akatandaza kanga yake juu ya benchi, akasema, “Sasa na sisi tumpe huyu mama.” Watu wakaanza kutoa. Elfu moja, elfu mbili, kijana mmoja wa bodaboda akatoa elfu tano na najua siku hiyo hakuwa na kazi ya maana. Zikapatikana 61,500/=. Niliwatazama nikaelewa nilichowanyima. Miezi miwili nilidhani nimewachukulia fedha. Fedha hata hawakuzitaka. Walikuwa wangetoa, usiku uleule, kama ningepiga simu moja tu, na mimi nikaona nitoe kwa niaba yao ili shukrani zisigawanyike. Nilitoa zile 22,000/= zangu zikawa kwenye kanga. Zilikuwa zimechelewa, na kila mtu alijua.

Sasa kwaya ina akaunti, saini tatu, na yangu haimo. Nimebaki kuimba besi.

Wiki mbili baadaye yule mama alikuja kibandani na 10,000/= iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Mtoto alikuwa mgongoni, mzima, anatafuna kipande cha chapati. Akasema anaanza kunirudishia kidogo kidogo, mwanangu, Mungu akuzidishie. Sikuipokea. Nilimwomba aje nami kwenye mazoezi Jumamosi, na huko, mbele ya wote, nikamweleza kwamba zile za usiku ule hazikuwa zangu hata shilingi moja, na nani mwenye nazo. Alinitazama kwa muda, si kwa hasira, kama mtu anayesoma kibao cha basi alilokwisha kulipanda. Kisha akageuka, akaanza kuwashika mikono mmoja mmoja, kuanzia sauti ya kwanza, akiwashukuru upya. Sisi wa besi husimama mwisho kabisa, karibu na ukuta, na mstari ulikuwa mrefu.