Mlevi Aende Kwa Nani?

Baba mmoja wa watoto wanne alikuja kwangu siku moja baada ya mafundisho, akaketi kwenye benchi la nyuma, akaniuliza: "Katekista, wanywaji wana mahali pao pa kukutana kila jioni. Sisi tunaotaka kuacha, mahali petu ni wapi?" Nilimjibu upesi, kama wafanyavyo watu wasioumwa: "Mahali pako ni kanisani. Ungama, sali, acha lutuku." Naye aliungama kweli. Jumamosi iliyofuata, wachimbaji walipouza dhahabu yao, alilala njiani.

Jibu langu halikuwa la uongo. Lilikuwa nusu ya jibu.

Ndugu wasomaji wa Salamabila, ninyi mnajua mambo yalivyo. Dhahabu ya Namoya huleta fedha kwa siku moja, na kibanda cha lutuku ki karibu na shimo kuliko nyumba ya mchimbaji. Mama mjane huipika kwa mahindi na mihogo, apate kuwalipia watoto shule. Sitamrushia jiwe leo, ingawa jambo lake nalo lataka kufikiriwa siku nyingine.

Wengi husema: Ulevi ni dhambi, na dawa ya dhambi ni kitubio, kwa hiyo kutafuta mkutano wa walevi wenzako ni upungufu wa imani. Tulijifunza seminarini kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino kwamba anayelewa kwa kujua na kwa kutaka hutenda dhambi ya mauti. Lakini yeye huyo humwondolea lawama mtu asiyejua nguvu ya kinywaji, kama Nuhu. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika namba 1735, yafundisha kwamba mazoea yaweza kupunguza lawama ya tendo. Lakini kupunguziwa lawama si kufunguliwa kamba.

Mkumbuke Lazaro. Yezu alimwita, naye akatoka kaburini hai, ila mikono na miguu ilikuwa bado imefungwa sanda. Bwana, aliyemfufua maiti wa siku nne, hakumfungua kwa mkono wake; aliwaagiza waliosimama pale wafanye kazi hiyo. Kitubio humfufua mlevi kweli. Nani basi atamfungua? Maana tamaa hubaki, usingizi hukimbia, na rafiki hupita mlangoni akiita.

Mtasema: Sisi tulio wazima tutamfungua. Tumejaribu, na kazi yetu yote imekuwa kumkaripia. Mtakatifu Augustino anasimulia katika Maungamo, kitabu cha tisa, kwamba mama yake Monika alipokuwa msichana alizoea kuonja divai kwa siri, hata mjakazi mmoja mwenye hasira akamtukana kuwa mlevi. Akaona aibu, akaacha. Tusi moja lilimtosha. Walevi wetu hutukanwa kila asubuhi, na aibu hiyo hiyo huwarudisha kwenye chupa ili waisahau.

Mwaka 1935, katika mji wa Akron huko Marekani, mfanyabiashara Bill Wilson, aliyekuwa ameacha kunywa kwa miezi michache tu, aliharibikiwa na shughuli yake. Akasimama katika hoteli peke yake, akisikia kelele za baa. Hakutafuta mtu wa kumwonya. Alipiga simu kwa watu wa makanisa akiomba wamwonyeshe mlevi mwingine azungumze naye, na mwishowe akakutanishwa na daktari Bob Smith. Wilson alimpa Smith maneno, na kwa kumpa maneno yeye mwenyewe hakunywa. Smith alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni mwaka ule, na chama cha Alcoholics Anonymous huhesabu siku hiyo kuwa mwanzo wake. Si chama cha Kanisa letu. Lakini mtawa wetu, Sista Ignatia Gavin, aliwapokea wagonjwa wa namna hiyo katika hospitali ya St. Thomas mjini humo tangu mwaka 1939.

Sheria zao ni chache: hapana kiingilio ila nia ya kuacha kunywa, jina na maneno ya mwenzako hayatoki nje, tena wawili au watatu wanatosha kuwa kikundi. Mikutano hiyo ipo Nairobi, lakini mchimbaji wa Kabambare atafikaje Nairobi? Sheria ile ya wawili ndiyo inayomfaa.

Jambo moja nisilisahau. Aliyekunywa sana kwa miaka mingi asiache ghafula peke yake nyumbani. Aende kwanza kwenye kituo cha afya, kwa sababu mwili waweza kutetemeka, kushikwa na kifafa, hata kufa.

Yule baba alirudi, nikamweleza haya yote. Nikaanza kupanga: nitaleta Injili, nyimbo, na daftari la kuandika majina. Akaniangalia, akasema: "Katekista, hapa kila mtu ajua nani alilala njiani. Wasichojua ni yale niliyowatendea watoto wangu usiku. Hayo siwezi kumwambia mtu asiyewahi kulewa, na daftari silitaki. Utupe ufunguo wa chumba cha mafundisho Jumamosi jioni, halafu urudi nyumbani."

Maneno hayo yalinichoma kidogo, sitaficha. Nikampa ufunguo. Jumamosi ile, nikipita njiani kwenda kwangu, niliona taa ndani, na watu wawili kwenye benchi la nyuma.