Hima ya Bahari na Haki ya Mnyonge

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyi Ezi Mungu aliyetutiishia bahari ili tupate humo riziki yetu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya haya. Katika pwani yetu pana vyama vya watu wa mji wenyewe vilivyoshika kazi ya kulinda miamba, mikoko na kasa. Na kila palipo chama kama hicho huzuka suali, nalo si suali dogo: Bahari haina mwenyewe, na samaki ni wa yule aliyemvua. Basi ni kwa haki gani watu wachache wamwambie Muislamu mwenzao, "Hapa usivue"? Je, huku si kuharimisha alichokihalalisha Mwenyi Ezi Mungu?

Natutazame mfano ulio karibu nasi. Kisiwa cha Misali kiko magharibi ya Pemba, na ukubwa wake haufiki kilomita moja ya mraba. Wavuvi wa vijiji vingi hupiga dago huko tangu zama za wazee wao. Husimuliwa kwamba Nabii Khidhri alifika hapo akataka msala wa kusalia, asipate, akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake, kwani kimeelekea kibla. Kisa hiki hatukitolei sanadi. Twakitaja ili ijulikane heshima ya pahali hapo katika nyoyo za watu. Na juu ya heshima hiyo, wako waliopiga baruti katika miamba yake. Mwaka 1998 Serikali ya Zanzibar ilitangaza Misali na bahari yake kuwa mahali pa hifadhi, na wavuvi wakawa na jumuiya yao katika ulinzi. Sehemu ndogo ya bahari ilifungwa kabisa, na iliyobaki ikaachwa kwa wavuvi kwa masharti. Khalafu wanavyuoni na walimu wakahimizwa kuwafundisha watu jambo hili kwa njia ya dini.

Sasa jawabu. Hapana aliyesema samaki wa Misali ni haramu. Lililokatazwa ni kumvua pahali maalumu, au kwa chombo kinachoua mzazi na mtoto pamoja. Na kuzuia pahali kwa ajili ya maslaha ya wote ni jambo linalojulikana katika sharia, na jina lake ni hima.

Zama za ujahili mtu mkubwa akitaka malisho alipanda mahali palipoinuka akambwekesha mbwa wake. Sauti ilipofika ndipo palipokuwa pake, wengine wasilishe, naye akilisha pamoja nao kwengineko. Mtume (s.a.w.) aliiondoa dhulma hiyo, akabainisha kwamba hakuna hima ila ya Mwenyi Ezi Mungu na Mtume wake, yaani ya maslaha ya Waislamu wote. Naye mwenyewe aliihifadhi Naqii kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Na katika Minhaji, kitabu cha Imamu Nawawi tunachokisomesha katika vyuo vyetu, imeelezwa kwamba Imamu aweza kuweka hima kwa wanyama wa sadaka na wa jizia, na waliopotea, na kwa mtu dhaifu asiyeweza kwenda mbali kutafuta malisho. Lakini hana ruhusa kujiwekea nafsi yake.

Litazameni sana neno hilo la mtu dhaifu, kwani ndilo roho ya mas-ala haya. Sayyidna Umar (r.a.) alipomweka Hunayy kuangalia hima, alimwamuru amwingize mwenye ngamia wachache na mbuzi wachache, na ajihadhari na wanyama wa Ibn Auf na Ibn Affan. Akatoa sababu: wale wawili, wanyama wao wakifa, wana mitende na mashamba ya kurejea, lakini mnyonge akifiliwa atakuja na wanawe kulia mlangoni, na kumpa majani ni rahisi kuliko kumpa dhahabu na fedha.

Sisi tunakisi bahari kwa malisho. Mwamba ukivunjwa kwa baruti, mwenye mashine huenda mwamba mwengine. Mwenye ngalawa, mtega dema, na mama anayetafuta pweza maji yakitoka, hawana pa kwenda. Na kasa huchukua zaidi ya miaka 20 hatta akatage; anayekula mayai yake leo amekula haki ya mtoto ambaye bado hajazaliwa. Basi kuulinda mwamba ni kumlinda mnyonge. Watu wa Kuruwitu, katika Kilifi, walifunga kadiri ya hektari 30 za bahari yao mwaka 2005, na samaki wakarejea.

Lakini mizani ina pande mbili. Siku ya kufungwa mwamba, anayeumia kwanza ni huyo huyo mnyonge. Akisema, "Watoto wangu wana njaa leo, nanyi mwanipa ahadi ya samaki wa mwakani," hasemi uwongo. Jawabu yake si fimbo ya mlinzi. Kwa kiasi cha Sayyidna Umar, waliomfungia mlango mmoja wamfungulie mwengine: yeye awe wa kwanza kupewa kazi ya ulinzi, na fedha zinazotolewa na wageni zimfikie kabla ya kumfikia mwenye kiti. Chama kinachomzuia mwenye ngalawa na kufumba macho kwa mwenye mashine, hicho si hima. Ni yule mbwa wa ujahili anabweka tena.

Nawe mvuvi, chama kikiwa cha uadilifu, usiingie usiku palipofungwa mchana. Ndugu zako wameacha kuvua hapo kwa kukuamini, na samaki utakayemtoa humo ni amana yao. Mlinzi aweza kulala, lakini Mola wako halali.

Twamwomba Mwenyi Ezi Mungu atujaalie kuwa waangalizi waadilifu wa alivyotukabidhi, wala asitujaalie kuwa sababu ya njaa ya wajukuu wetu. Amin. Wallahu aalam.