Sauti ya Jirani

Redio ya mji yaweza kuuawa pasipo kufungwa. Tarehe 8 Novemba 1967 BBC ilifungua Leicester kituo chake cha kwanza cha namna hiyo; baadaye England ikawa na vituo 39. Mwaka 2022 shirika likatangaza kwamba baada ya saa nane mchana vingi vitashirikiana vipindi, ili fedha ziende katika habari za intaneti. Majina yalibaki, milango ilibaki. Sauti ndiyo iliyopunguzwa. Machi 2023 waandishi wake waligoma kwa saa 24.

Mshika fedha si mwovu: fungu lake ni dogo, na vijana wamehama. Walakini kipimo chake ni wingi wa watu. Ajuza akaaye pweke, asiyejua intaneti, ni mmoja tu katika hesabu hiyo. Kwake mtangazaji ndiye mgeni pekee abishaye hodi alasiri. Je, haki yake hupungua kwa sababu wenziwe wamepungua? Huenda huzidi, maana hana pengine pa kwenda. Mtangazaji wa mbali aweza kusema kwa ufasaha mkubwa zaidi. Lakini mto uliofurika mtaani kwa ajuza yeye huusoma karatasini.