Je, Nia Njema Inatosha?

Andiko la kusoma: 2 Wafalme 4:38–41



Kule Gilgali kulikuwa na njaa, na Elisha akaagiza chungu kikubwa kiwekwe motoni ili wana wa manabii wapate kula. Mmoja wao akatoka kwenda shambani kutafuta mboga. Akapata matango-mwitu, akajaza nguo yake, akarudi na kuyakatakata ndani ya chungu. Andiko halisemi kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kujituma, ameona wenzake wana njaa. Shida ni kwamba yale matango hakuna aliyeyajua. Walipoonja ndipo wakapiga kelele kwamba chungu kina kifo ndani yake.

Swali langu wiki hii ni hili: mtu akimdhuru mwenzake huku nia yake ni njema kabisa, ana lawama? Wengi wetu tutajibu haraka, "Hapana Pasta, Mungu anaangalia moyo." Ni kweli anaangalia moyo. Lakini tusikimbie. Nitatumia mfano ulio karibu sana na sisi: vitamini.

Chukua ndugu mmoja ambaye ana ugonjwa wa bipola. Kuna majuma mhemko wake unapanda, halali, anaongea bila kupumua, anatumia pesa ovyo. Kuna majuma unashuka, hata kuoga ni kazi. Daktari amempa dawa ya kutuliza mhemko na ametulia, anaenda kazini, analea watoto. Siku moja anaonekana mchovu. Dada wa kikundi cha nyumbani, ambaye huuza virutubisho, anamletea chupa: "Kunywa hii ndugu yangu, ni vitamini tu, haina madhara."

Tuanze na hilo neno "tu".

Dawa moja ya zamani ya bipola ni lithiamu. Daktari John Cade wa Australia ndiye aliyeandika mwaka 1949 jinsi ilivyowasaidia wagonjwa wake. Lithiamu ni aina ya chumvi, na figo huishughulikia karibu vile zinavyoshughulikia chumvi ya jikoni. Kwa wagonjwa wengi, kipimo cha damu kinatakiwa kiwe kati ya 0.6 na 1.0 hivi. Kikipita 1.5, dawa ile ile inaanza kuwa sumu. Unaona vile nafasi ni ndogo?

Sasa, multivitamini ya kawaida, kidonge kimoja kwa siku, kwa kawaida haigombani na lithiamu. Tuseme ukweli huo, tusitishe watu bure. Lakini kuna vile vidonge unatia kwenye glasi ya maji vinatoa povu. Vingi vina sodiamu ya kutosha, na sodiamu ikizidi, figo hutoa lithiamu nyingi zaidi mwilini. Kiwango kinashuka, na ugonjwa unaweza kurudi polepole bila mtu kujua kwa nini. Kinyume chake pia kipo. Mtu anayetumia lithiamu akifunga bila maji, au akihara na kutapika, mwili unapungukiwa maji na chumvi, figo zinashikilia lithiamu na kiwango kinapanda. Mikono inatetemeka sana, anatapika, anayumba, ulimi unakuwa mzito, anachanganyikiwa. Hapo si pa kungoja, ni hospitali mara moja.

Dawa nyingine ni lamotrijini. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa Uingereza uliohusu wagonjwa 202 wa bipola waliokuwa katika ule wakati wa huzuni nzito. Wengine walipewa lamotrijini juu ya dawa nyingine, na wengine wakaongezewa asidi ya foliki, mikrogramu 500 kwa siku. Lamotrijini iliwasaidia wale ambao hawakupewa foliki. Kwa waliopewa, faida yake ilionekana kupotea. Huo ni utafiti mmoja na haufungi mjadala. Lakini foliki iko ndani ya multivitamini nyingi, kwa kiasi kinachokaribia hicho.

Na foliki hiyo hiyo ndiyo mama mjamzito anahimizwa kliniki ameze, kwa sababu inalinda ubongo na uti wa mgongo wa mtoto. Kwa hivyo mama asiache foliki wala dawa yake kwa sababu amesoma hapa. Aongee na daktari wake kwanza. Ninachosema ni kwamba ukiniuliza, "Foliki ni nzuri ama ni mbaya?" sina jibu mpaka uniambie ni kwa nani, na pamoja na nini.

Turudi kwa dada yetu. Anampenda huyu ndugu, hakuna ubishi. Lakini alisema "haina madhara" bila kujua mwenzake anatumia dawa gani, na bila kujua kuna nini ndani ya chupa. Kwa maoni yangu moyo wake hauna lawama, lakini kuna kazi ambayo hakuifanya.

Kuna mtu atasema, "Pasta, kama ni hivyo hata chai tusimpe mtu. Nani anajua kila kitu?" Pingamizi hilo ni la haki. Hakuna anayeweza kujua kila kitu, na Mungu hatudai tusichoweza. Lakini kuna kutojua kwa aina mbili. Kuna kule ambako hata ungetafuta usingepata. Na kuna kule ambako kungeondoka kwa swali moja. Pale Gilgali, Elisha alikuwa hapo hapo karibu na chungu. Kumwonyesha yale matango na kuuliza, "Baba, haya yanaliwa?" kungegharimu nini? Dada yetu naye angeweza kuuliza, "Kuna dawa unatumia? Twende na hii chupa tumwonyeshe mfamasia." Dakika kumi.

Nilisomea biashara, na wenye biashara kati yetu mtanielewa. Mteja akinunua viazi, anavigeuza na kuviangalia. Akinunua kidonge, hawezi kukikagua. Anachonunua hasa ni neno lako. Kadiri mwenzako anavyoshindwa kukagua, ndivyo mzigo wa kuuliza unavyokuwa wako. Na kama kuna kamisheni yako ndani, uliza mara mbili, kwa sababu faida hutufanya tusikie majibu tunayoyataka. Na usivuke ule mstari wa kumwambia mtu, "Sasa unaweza kuacha zile za hospitali." Huo si ushauri wa muuzaji kutoa, wala wa mchungaji.

Lakini sijamaliza, kwa sababu kuna upande wa pili. Tuseme dada ameuliza vizuri, "Ndugu, kuna dawa unatumia?" Je, yule ndugu atajibu ukweli? Kama kila Jumapili anasikia mtu akichekwa kwamba "ana wazimu", kama amesikia ushuhuda ambao mwenye imani ni yule aliyetupa vidonge, atasema, "Hapana, niko sawa." Halafu atameza vyote viwili kwa siri, na kwa daktari pia hatataja vile vya povu. Hapo hatuwezi kumlaumu muuzaji peke yake. Sisi wote tumechangia, kwa sababu tumefanya jibu la kweli kuwa la aibu.

Angalia kilichookoa watu Gilgali. Kabla ya Elisha kutia unga ndani ya chungu, kuna watu waliopiga kelele. Hakuna aliyeambiwa ana imani haba kwa kusema chakula kina shida. Hata aliyeleta matango hakufukuzwa. Chungu kilirekebishwa, watu wakala.

Basi juma hili, kama unatumia dawa yoyote ya mhemko, weka kila unachomeza kwenye mfuko mmoja: vitamini, dawa za mitishamba, vya povu, vyote. Peleka kwa daktari au mfamasia wako, na umwambie pia kama unapanga kufunga. Usiache dawa wala kupunguza peke yako. Kama unauza virutubisho, uliza kabla ya kupokea pesa, na umpe mtu nafasi ya kujibu faraghani. Na sisi tuliobaki, ndugu akituambia ana dawa anayomeza kila jioni, tumjibu vile tungemjibu mwenye presha au kisukari: "Asante kwa kuniambia. Umekumbuka ya leo?"

Mungu awabariki.